Ng'ombe Niliyeambiwa Nisimsaidie

Mhezi, siku moja kabla hujaondoka

Nakundwa mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wajomba zako kule bondeni na baba yako yuko kwenye maharage, kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Sanduku lako nimeshalifunga. Mambo ya blanketi na sabuni na nani wa kumwamkia ukifika unayajua, na usiyoyajua utaambiwa na wenzako. Mimi nina jambo jingine, na nimelikawiza miaka kumi na miwili.

Juzi mwalimu wako alinionyesha nakala ya fomu uliyojaza kuomba nafasi ya chuo cha mifugo. Palipoulizwa kwa nini unataka kazi hii, umeandika kwamba mama yako ndiye aliyekufundisha kuwahurumia wanyama. Mwalimu aliisoma kwa sauti huku akitabasamu, nami nikasema asante. Nilipanda mlima mpaka nyumbani nikiijutia ile asante.

Si kweli, Nakundwa. Sikukufundisha hivyo. Nitakueleza ilivyokuwa, maana ulikuwa na miaka saba na sijui umebakiza nini kichwani.

Banda letu la zamani, lile lililopakana na jiko, labda hulikumbuki vizuri kwa sababu lilibomolewa. Lilikuwa na giza mchana kama usiku. Mle ndani tulikuwa na ng'ombe wawili, Madoa na Kijivu, waliozaliwa na mama mmoja. Waliingia wakiwa ndama na hawakutoka tena. Ndivyo kila nyumba ilivyofuga hapa kwetu. Miteremko hii haina pa kuchungia, kila kipande kina mgomba au mbuni, kwa hiyo ng'ombe alifungwa kamba ndani, na sisi wanawake tukamletea majani kichwani asubuhi na jioni. Alikula, akakamuliwa, akatoa samadi. Tuliamini tunamtunza, na kwa kweli tulimtunza kuliko tulivyojitunza wenyewe. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna swali la kuuliza.

Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya siku hizo, na kila mgeni aliyepanda huku alikuja na karatasi mkononi. Mmoja wao alikuwa Bwana Rajabu, kijana wa kutoka pande za Tanga, mtafiti wa mifugo. Baba yako alimpeleka bandani, akasimama mlangoni akingoja aulizwe habari za maziwa. Bwana Rajabu aliingia na viatu vyake, akachuchumaa kwenye samadi, akakaa humo mpaka tukadhani anaumwa. Alipotoka alinigeukia mimi, si baba yako.

"Mama Nakundwa," akasema, "huyu wa kijivu akitaka kusimama, huwa anaanza na miguu ipi?"

Sikujua. Nilikuwa nimelala ukuta mmoja na ng'ombe tangu nizaliwe na sikujua. Akanieleza kwamba ng'ombe mzima hunyanyua kwanza miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Anayeanza na ya mbele, akakaa kitako kama mbwa, ana maumivu au hana nafasi. Tukaingia wote wawili, tukangoja. Kijivu alianza na ya mbele. Baba yako alicheka, akasema ng'ombe ni ng'ombe, hata akisimama kwa mkia. Mimi sikucheka. Nilihisi aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua: kuna kitu mbele ya macho yangu, na mimi naweza kukiona.

Bwana Rajabu alitaka kujua kama ng'ombe wa mlimani akipewa matandiko makavu, mwanga, na muda mfupi wa kutembea uani, ataishi vizuri zaidi, na kwa kiasi gani. Alihitaji mtu anayejua kuandika na asiyechoka. Nilikuwa na darasa la nne la misheni na mwandiko mzuri. Akanipa daftari kubwa lenye jalada gumu na saa ya mezani. Kila siku niliandika maziwa ya kila mmoja, muda aliolala, hali ya magoti na kwato, na jinsi alivyosimama. Baba yako alitoboa dirisha upande wa Madoa. Madoa akatandikiwa majani makavu ya migomba kila asubuhi, akatolewa uani jua lilipowaka. Kijivu aliachwa kama walivyo ng'ombe wote wa Mhezi, kwenye sakafu ngumu yenye unyevu, nyuma ya kiambaza kilichowatenganisha, gizani.

"Huyu usimsaidie," Bwana Rajabu aliniambia. "Ukimsaidia hatutakuwa na cha kulinganisha, na wakubwa watasema tumeota. Ni mpaka mvua za masika zipite mara mbili."

Nikakubali. Sitasema nilidanganywa. Nilielewa vizuri kabisa nilichoambiwa.

Sasa nikuambie nilivyokuwa mwaka ule, maana wewe ulimjua mama mwingine. Wanawake walianza kuniita Mama Daftari. Wageni walipokuja walielekezwa kwangu. Siku moja wakubwa wawili kutoka wilayani walisimama pale jikoni nikawasomea ukurasa mzima, na mmoja wao akavua kofia. Mwanaume akinivulia kofia mimi, niliyekuwa nikipita kanisani na vumbi la majani shingoni! Nilianza kuamka mapema ili niandike kabla ya kuwasha moto. Nililiweka daftari juu ya kabati, usifike.

Na daftari lilikuwa linasema kweli. Madoa alianza kung'aa manyoya. Alilala kwa muda mrefu, akicheua, na akisimama alianza na miguu ya nyuma kama Bwana Rajabu alivyosema. Maziwa yake yaliongezeka. Ukimwachia kamba asubuhi aliruka uani kama ndama, mtu mzima yule, mpaka majirani wakaja kumtazama. Kijivu alimsikia kutoka nyuma ya kiambaza. Mwanzoni alikuwa akilia Madoa anapotolewa. Niliandika hilo pia. Baadaye akaacha kulia, nami nikaandika kwamba ameacha.

Magoti yake yalivimba, ngozi ikachubuka, kidonda kikawa hakikauki. Kwato zilirefuka zikajikunja mbele kama ncha za viatu vya zamani. Alikuwa akisimama muda mrefu kwa kuogopa kulala, na akilala alikuwa akilala muda mrefu kwa kuogopa kusimama. Yote hayo nilikuwa nikiyaona kwa sababu nilifundishwa kuyaona. Jirani zangu walikuwa na ng'ombe wa namna ileile na hawakuona kitu. Wao nawasamehe.

Siku moja nilirudi kutoka kukata majani, nikaingia bandani kupima, nikamkuta Kijivu amelala juu ya majani makavu ya migomba. Wewe ulikuwa umekaa karibu na kichwa chake. Ulikuwa umeyabeba kutoka kwa Madoa, konzi kwa konzi, na kanga yangu ukamfunika mgongo. Ukaniambia kwamba Kijivu anaumwa magoti kama bibi.

Nilikuchapa, Nakundwa. Nilikuchapa kwa fimbo ya kuongozea ng'ombe, mpaka ukaacha kulia kwa sauti. Kisha nikayatoa majani yale chini yake, yote, mpaka jani la mwisho lililokuwa limemganda tumboni. Ilibidi nimsukume ili niyapate. Nikaenda kuandika kwamba siku ile alilazwa kwenye matandiko kwa bahati mbaya, kwa muda usiojulikana, ili Bwana Rajabu asije akaona kasoro. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Hujawahi kulitaja. Labda umesahau. Nilitamani sana uwe umesahau, mpaka niliposikia maneno ya fomu ile, na sasa sijui lipi ni baya zaidi, kwamba umesahau ukaniwekea huruma ambayo sikuwa nayo, au kwamba unakumbuka na umeandika vile ili kunisitiri.

Bwana Rajabu alipopanda tena nilimwonesha Kijivu. Nilimwambia sioni kama atafika mwisho, na alikuwa na mimba. Alichuchumaa kama siku ile ya kwanza. Alikuwa mtu mwema. Nakuambia hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumtupia yeye.

"Mama, mimi pia naona," akasema. "Imebaki miezi mitatu. Lakini ng'ombe ni wako. Ukisema basi, basi."

Ukisema basi, basi. Hakuna mtu aliyewahi kunipa uwezo mkubwa kama ule, kabla ya hapo wala baada yake. Na mimi nilifikiria nini? Nilifikiria kurasa tupu. Nilifikiria daftari likiishia katikati, na wakubwa wakisema mwanamke wa mlimani hakuweza kumaliza kazi. Nikamwambia tuendelee. Alinitazama kidogo, kisha akasema sawa. Nadhani alitumaini ningesema vingine.

Kijivu alianguka kabla miezi mitatu haijatimia. Asubuhi alijaribu kusimama, akaanza na miguu ya mbele, ya nyuma ikateleza kwenye mkojo wake mwenyewe, nyonga ikavunjika. Wanaume walimchinja palepale bandani kwa sababu hakuweza kutolewa. Ndama alikuwa tumboni, ameshaota manyoya. Tuligawa nyama kwa majirani, na watu walisema ni nyama nzuri. Wewe ulikataa kula, baba yako akasema unadeka. Mimi nilikula.

Ukienda huko utafundishwa na watu waliosoma kuliko Bwana Rajabu. Watakupa wanyama wawili na kukuambia mmoja usimsaidie, na watakuwa na sababu, na sababu hizo zitakuwa za kweli. Sikuambii ukatae. Bila Kijivu nisingeweza kumthibitishia mtu yeyote habari za Madoa. Nimelizungusha jambo hili miaka yote hii na bado sijui mtafiti angefanyaje vingine. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na siku ya kusema basi, nami niliiona siku hiyo ilipokuja, nikaipita.

Nilijituliza kwa wazo moja tu. Nilijiambia kwamba amekufa kwa ajili ya ng'ombe wote. Kila atakayetandikiwa majani hapa mlimani, atakuwa ametandikiwa na Kijivu. Maneno makubwa kama hayo yananifanya niogope sasa nikiyasikia kwa mtu, lakini wakati ule yalinilaza usingizi.

Mwaka uliofuata Bwana Rajabu alihamishiwa mbali. Kabla hajaondoka aliniambia ripoti ameipeleka na anangoja majibu. Miezi kadhaa baadaye kijiji kikaanza mradi wa ng'ombe wa pamoja. Baba yako alikuwa mwenyekiti wa kijiji, hilo unalikumbuka. Mchoro wa banda ulikuja kutoka wilayani: sakafu ya saruji, ng'ombe wamefungwa kwa mstari, bega kwa bega, hakuna matandiko ili kuosha kuwe rahisi, hakuna uwanja wa kutokea. Nilipouona mezani kwetu niliketi chini. Lilikuwa banda la Kijivu, limefanywa kubwa na kupakwa chokaa.

Nilimwandikia Bwana Rajabu. Alinijibu kwamba ripoti yake haijajibiwa na hajui iko kwa nani, na kwamba yeye akisema kutoka mbali hatasikilizwa. Akamaliza kwa kusema mimi ndiye niliyeona, basi niwaambie.

Asubuhi ya mkutano wa kijiji wa kuupitisha mchoro ule nilifunga daftari kwenye kanga. Baba yako aliniona. Hakugomba. Laiti angegomba, labda ningekuwa na kitu cha kushindana nacho. Alisema kwa upole kwamba mgeni kutoka wilayani atakuwepo, na kwamba nikisimama na daftari itaonekana nyumba ya mwenyekiti ndiyo inayopinga kijiji. Alisema watu wamewekwa ndani kwa madogo kuliko hayo. Sikujua kama ni kweli. Nadhani hata yeye hakujua.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Nilikaa na wanawake, daftari mapajani. Nilikuwa nimeamua kusimama, halafu nimeamua kutosimama, halafu nimeamua tena. Na mgeni yule akaniokoa na uamuzi. Alikuwa amesikia habari zangu. Alisimama akasema anaambiwa hapa Mhezi kuna mama aliyefanya utafiti wa ng'ombe na mtaalamu, yuko wapi, asimame watu wamsikie. Wanawake wakanisukuma mgongoni wakicheka. Nikasimama. Watu wote wale walinyamaza, Nakundwa, kunisikiliza mimi.

"Mama, wewe una uzoefu," akasema. "Banda hili unalionaje?"

Baba yako alikuwa akitazama meza.

"Banda ni zuri," nikasema.

Wakapiga makofi. Nikaketi.

Yaliyobaki uliyaona mwenyewe, ulikuwa unapita pale ukienda shule. Madoa aliingia na wale wengine. Tuliwekewa zamu za kukata majani na kuosha. Wiki za kwanza nilibeba matandiko nikamwekea Madoa, lakini wanawake wakaanza kusema mke wa mwenyekiti anapendelea ng'ombe wake katika mali ya wote. Kuwatandikia wote sikuweza peke yangu. Nikaacha. Masika yalipoingia saruji ile haikukauka. Walianza kuteleza, magoti yakavimba, viwele vikashika ugonjwa kwa kulalia uchafu. Walikufa mmoja mmoja. Watu walisema ni sumu, wengine wakasema ni jicho la fulani, na mzee mmoja asiye na kosa lolote akasusiwa mpaka akahamia tambarare ya Ndungu na familia yake. Mimi nilijua ni nini. Nilikuwa nayo imeandikwa, siku kwa siku, na kwa hilo pia nilinyamaza.

Madoa alikuwa amezoea jua. Nilipokuwa kwenye zamu aligeuza kichwa kila niliposhika kamba, akidhani namtoa. Alikufa kabla ya mavuno. Banda la kijiji lilipovunjwa, ng'ombe waliosalia walirudishwa majumbani, na kila nyumba ikawafunga gizani kama zamani.

Daftari usilitafute. Nilichana kurasa zake moja moja, za kufungia mbegu na kuwashia moto, karibu mwaka mzima. Bwana Rajabu aliandika mara mbili. Sikumjibu.

Utajiuliza mimi na baba yako tulisemezana nini juu ya haya. Hatukusemezana. Miaka ikapita, uenyekiti wakampa mwingine, na mimi nilikaa na hasira yangu kwake kama mtu aliyekalia kigoda. Nilikuwa nikimpikia nayo. Nilijiambia ni yeye aliyenifunga mdomo. Halafu mwaka jana, siku barua yako ya chuo ilipofika, tulikuwa tumekaa hapo nje tunapukuchua mahindi. Akasema bila kunitazama:

"Siku ile ya mkutano. Ungesema."

Nilitaka kumtupia gunzi usoni. Yeye, wa kuniambia mimi ningesema! Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko mpaka miguu ikaniuma. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya haki. Lakini kila nililolishika lilinirudisha palepale, kwamba aliniomba nisisimame, na nilisimama. Hakuna aliyenishika mdomo. Niliulizwa mbele ya watu wote na nikapewa nafasi ya kujibu. Baba yako aliogopa, nami niliogopa, na wote wawili tulikuwa na sababu za kuogopa, na ng'ombe wakakaa kwenye saruji. Tangu siku ile namwonea huruma zaidi na nampenda kidogo zaidi, ingawa bado siwezi kupukuchua naye mahindi.

Kwa hiyo mwanangu, usinibebe huko unakokwenda kama mfano. Ukiulizwa ulijifunza wapi kumhurumia mnyama, tafuta jibu lingine. Ilitoka kwako mwenyewe, ukiwa mdogo, katika nyumba ambamo ulichapwa kwa ajili ya huruma hiyo. Sijui ilibakije ndani yako. Samahani ninayokuomba imechelewa mno kukufaa, lakini nakuomba.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika, mbali na uso wangu. Nimeitia sandukuni na kuitoa mara mbili. Nikifanya hivyo nitakuwa nimenyamaza tena, safari hii kwa kuandika. Kwa hiyo nitakupa jioni hii mkononi ukirudi kwa wajomba, na utaisoma mimi nikiwa humu ndani nikipika.

Usinijibu leo kama hutaki. Lakini kesho asubuhi, pale lori la Same linaposimama, watakuwepo shangazi zako, mchungaji, mwalimu wako na nusu ya kijiji. Ukiwa na swali lolote juu ya haya, niulize palepale, kwa sauti, wakisikia. Nitakujibu.

Ni mimi mama yako,
Nakiete